Mitupo mitatu ya ufuoni: upi utafikisha chambo walipo samaki?

Kila mvuvi wa ufuoni hufikiwa na siku ambayo samaki wanaruka kule na chubwi lake, ule uzito unaofungwa mwisho wa mshipi, linaangukia huku. Wazo la kwanza huwa ni kununua: fimbo ndefu zaidi, rili (kifaa cha kukunjia mshipi) kubwa zaidi, mshipi mwembamba zaidi. Vifaa vina nafasi yake na nitavifikia. Ila kwa walio wengi, mita zinazokosekana zimo kwenye namna ya kutupa, na hapo ndipo ushauri unapogongana. Huyu anakwambia uendelee kutupa juu ya kichwa ila uongeze nguvu, yule anakwambia ulaze chubwi mchangani, na mwingine anaapa kwamba bila kulibembeza hufiki popote.

Hapa naiweka mitupo hiyo mitatu kwenye mizani moja: mtupo wa juu ya kichwa, mtupo wa kutoka mchangani, na mtupo wa bembea. Kila mmoja una ufuo wake na mtu wake. Kipimo ninachokishikilia ni kimoja: mita zinazohesabika ni zile ambazo chambo kimezimaliza kikiwa kizima na hakuna aliyeumia. Chubwi tupu lililokwenda mita 150 huku chambo kimepasukia angani ni mazoezi ya mikono, si uvuvi.

## Samaki wenyewe wako umbali gani?

Swali hili hurukwa sana, na ndilo linaloamua kama unahitaji kubadili mtupo au la. Samaki wa ufuoni hula pale mawimbi yanapofukua mchanga na kuwafichua minyoo, kaa wadogo na chaza. Mara nyingi pahali hapo ni kwenye mfereji unaojichimba kati ya ufuo na fungu la kwanza la mchanga, na mfereji huo huweza kuwa mita 20 hadi 40 tu kutoka miguuni mwako. Usiku, au bahari ikiwa imechafuka kiasi, hata samaki wakubwa husogea humo. Anayetupa mita 110 wakati huo anawavuka.

Ufuo hujieleza ukiuangalia maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua ambapo bahari hujivuta mbali. Tazama mifereji iko wapi, fungu linaanzia wapi, kuna mwamba au nyasi za baharini upande gani. Kisha tembea kwa hatua kutoka pale utakaposimama maji yakijaa hadi kwenye mfereji, uzihesabu. Hizo hatua ndizo umbali unaoutafuta. Ukifika maji yameshajaa, soma mawimbi: panapovunjika kwa mara ya kwanza pana fungu, na panapotulia baada ya kuvunjika maji yana kina.

Kwa kawaida ufuo wenye mteremko mkali huwa na kina karibu, na ufuo bapa huhitaji mita nyingi. Maji yakiwa maangavu na jua likiwa kali, samaki wengi hukaa nje ya mawimbi, na hapo anayefika mbali ana faida ya kweli. Ukipima ukakuta mfereji uko mita 50, soma makala hii kwa ajili ya ufuo mwingine, maana mtupo ulio nao unatosha.

## Vigezo

Nimepima kwa mambo matano. La kwanza ni umbali chambo kikiwa kwenye ndoana. La pili ni nafasi inayohitajika nyuma, pembeni na miguuni. La tatu ni hali ambayo chambo hufika nayo. La nne ni usalama wako na wa walio karibu. La tano ni mwili na muda: mtupo unadai nini mgongoni na mabegani, na utachukua muda gani kuumudu.

Kwa mitupo yote mitatu nachukulia vifaa vilevile: fimbo ya mita 3.6 hadi 4.2, chubwi la gramu 125 hadi 150, na mshipi mwembamba ulioungwa kwa mbele na kipande cha mshipi mnene ambacho nitakiita mshipi wa mbele. Kipande hicho ndicho kinachobeba kishindo cha kutupa. Kanuni inayofuatwa sana ni uwezo wa kilo 5 kwa kila gramu 30 za chubwi, kwa hiyo chubwi la gramu 150 linataka mshipi wa mbele wa kilo 25. Urefu wake uwe mara mbili ya fimbo na zaidi kidogo, ili unapojiandaa kutupa bado kuwe na mizunguko mitano au sita ya mshipi huo kwenye rili. Usitupe kwa nguvu bila kipande hiki, kwa mtupo wowote ule.

Kuna jambo la fizikia linalofaa kuwekwa akilini kabla hatujaendelea. Ukiacha hewa pembeni, umbali hukua kwa mraba wa kasi: ukiongeza kasi ya chubwi kwa asilimia 10, umbali unaongezeka kwa asilimia 21. Ndiyo sababu marekebisho madogo ya mtupo huleta mita nyingi. Hewa nayo hudai chake, na hudai zaidi kwa kitu kipana kama kipande cha samaki kinachopeperuka ubavuni mwa chubwi. Mita ulizozipata kwa jasho unaweza kuzirudisha zote kwa chambo kilichofungwa ovyo.

## Mtupo wa juu ya kichwa

Huu ndio karibu kila mtu huanza nao. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto unatangulia, ubavu umeelekea baharini, fimbo imelala nyuma ya bega na chubwi linaning'inia mita moja hadi moja na nusu chini ya ncha. Uzito wa mwili unaanza mguu wa nyuma na kuhamia wa mbele. Mkono wa kulia unasukuma juu, wa kushoto unavuta kitako cha fimbo kuja kifuani, kidole kinaachia mshipi.

Umbali. Aliyeumudu hufika kati ya mita 70 na 100 na chambo cha wastani. Kinachomzuia kwenda zaidi ni kwamba njia ya chubwi ni fupi: fimbo inapata muda mdogo wa kupinda, na yote lazima yatendeke kwa mkupuo mmoja. Wengi hukwama mita 60 kwa sababu wanasukuma kwa mkono wa juu peke yake. Mkono wa chini, ule unaovuta kitako, ndio unaoipa fimbo kasi ya mwisho, na anayeanza kuutumia huona tofauti siku hiyohiyo.

Nafasi. Hapa hauna mpinzani. Chubwi linapita juu yako, halikatizi pembeni, kwa hiyo unaweza kutupa ukiwa kati ya wavuvi wengine, kwenye ufuo mwembamba, penye mawe nyuma yako au ukiwa umesimama majini hadi magotini. Chunguza tu kwamba hakuna mtu nyuma wala nyaya za umeme juu. Fimbo za kaboni hupitisha umeme.

Chambo. Mtupo mfupi wenye mkupuo mkali haukipendi chambo laini. Ngisi na vipande vya samaki vilivyofungwa kwa uzi mwembamba wa mpira huvumilia, ila mnyoo laini au dagaa mzima huweza kuchomoka. Ukianza polepole na kumalizia kwa kasi, chambo hubaki.

Usalama. Ni mtupo mtulivu kuliko yote. Hatari yake iko kwa anayelazimisha nguvu mpaka mshipi unakatika.

Mwili na muda. Bega ndilo linalobeba kazi. Mwenye bega bovu atachoka mapema, ingawa mgongo wake haukunjwi sana. Misingi yake hukaa mkononi baada ya siku chache za mazoezi.

Unamfaa anayeanza, anayevua mahali penye watu, anayeingia majini kutupa, na yeyote ambaye mfereji wake uko ndani ya mita 80. Kuna wavuvi wa miaka mingi ambao hawajawahi kuuacha na samaki wanapata, kwa sababu wamejua kuusoma ufuo.

## Mtupo wa kutoka mchangani

Hapa chubwi linaanza likiwa limelala. Unaipa bahari mgongo, karibu wote, fimbo umeinyoosha kuelekea nchi kavu huku ncha ikikaribia mchanga, na chubwi limewekwa mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye ncha, mshipi umekaza kidogo bila kulivuta. Halafu unageuza uso na kutazama juu ya bahari pale unapolenga, mwili bado uko nyuma. Kinachofuata ni kufunguka: nyonga zinatangulia, mabega yanafuata, mikono ndiyo ya mwisho. Fimbo inazunguka upinde mrefu, inapinda pole kisha kwa nguvu, na mwishoni mkono wa kulia unasukuma wakati wa kushoto unashusha kitako kuja mbavuni.

Kwa kuanzia, ncha ya fimbo na chubwi viwe kwenye mstari mmoja. Waliozoea husogeza chubwi pembeni ili upinde uwe mrefu zaidi, na wewe utafika huko kwa wakati wako.

Umbali. Chambo cha wastani kilichobanwa vizuri karibu na chubwi hufika mita 90 hadi 130. Mita za ziada hazitokani na misuli. Zinatokana na njia ndefu ya chubwi: nguvu ileile inafanya kazi kwa muda mrefu zaidi, na fimbo inapata nafasi ya kupinda hadi karibu na kitako. Mtu mwembamba mwenye mpangilio mzuri wa mwili humshinda mwenye mikono minene anayekimbilia mkupuo. Hilo hutokea mara nyingi kiasi kwamba mimi huliona kuwa sifa kuu ya mtupo huu.

Nafasi. Unahitaji mita sita au saba za mchanga tambarare nyuma yako, pasipo magugu, mawe wala vijiti vya kunasa ndoana. Ufuo unaopanda ghafla nyuma unaleta shida: chubwi linakaa juu ya usawa wa miguu yako na upinde unaharibika. Mawimbi yakifika unapoliweka chubwi ndiyo basi, maana maji yatalisogeza wakati umegeuza uso. Ukiwa umesimama majini hauwezekani kabisa.

Chambo. Kuna pande mbili. Mwanzo wake wa taratibu unakitunza chambo kuliko mkupuo wa juu ya kichwa, na kwa chambo kikubwa au laini hili ni jambo kubwa. Upande wa pili, chambo kinalala mchangani kabla ya kuruka. Kwenye mchanga mkavu kinarudi kimepakaa mchanga na kimekuwa kizito. Tafuta mchanga uliolowa na kushikana, au utandike kipande cha turubai chini yake.

Usalama. Chubwi halibembei, kwa hiyo kila kitu kiko mahali ulipokiweka mpaka unapoanza. Lakini upinde wa fimbo unafagia upande mzima wa kulia, na kwa muda fulani unatazama bahari wakati chubwi lipo nyuma yako. Watoto na mbwa hupenda kupita hapo hapo. Angalia nyuma mara mbili: kabla ya kuweka chubwi, na mara ya mwisho kabla ya kugeuza uso.

Mwili na muda. Kazi inagawanywa kati ya miguu, nyonga na mgongo, na hakuna kiungo kinachoonewa. Wenye mabega yanayouma huuvumilia vizuri. Kujifunza si vigumu, kwa kuwa unaweza kuanza kwa nusu ya nguvu na kusahihisha kitu kimoja kimoja. Kosa linalojitokeza zaidi ni kuachia mapema au kwa kuchelewa, na chubwi lenyewe litakueleza: kwa anayetumia mkono wa kulia, likikimbilia kulia umeachia mapema, likikimbilia kushoto umechelewa.

Unamfaa anayevua ufuo mpana na bapa, anayetaka kuvuka mita 100 bila kugeuza uvuvi kuwa mchezo wa nguvu, na anayetumia chambo kikubwa. Ninapoulizwa na mtu aliyekwama kwenye mita 70 ajaribu nini, hapa ndipo ninapomwelekeza kwanza, ilimradi ufuo wake una nafasi.

## Mtupo wa bembea

Mtupo huu ulienea Uingereza katika miaka ya 1970 na kubadilisha mawazo ya watu kuhusu umbali unaowezekana kutoka nchi kavu. Mpaka leo ndio mtupo wa mashindano ya umbali, yale yanayofanyika uwanjani kwa chubwi tupu, ambako mabingwa huvuka mita 200 kwa nafasi kubwa.

Chubwi linaning'inia chini sana, zaidi ya nusu ya urefu wa fimbo. Ukiwa umesimama ubavu, fimbo imeinuka, unalisukuma chubwi liende mbali nawe, kisha unalivuta lirudi likipanda nyuma ya bega. Linapofika kileleni hutulia kwa nukta moja, karibu halina uzito mkononi. Nukta hiyo ndiyo siri yote. Unapoihisi, unageuka na kulipokea: mwili unafunguka kama katika mtupo wa mchangani, ila chubwi liko juu na mwendo umeshaanza, kwa hiyo fimbo inapinda zaidi na mapema zaidi. Ukigeuka kabla ya nukta hiyo unalivuta chubwi kinyume cha mwendo wake. Ukichelewa, mshipi unalegea na fimbo haina cha kupindia.

Umbali. Kwa aliyeiva, mita 120 hadi 150 na chambo kidogo kilichobanwa, na wapo wanaozidi. Kwa asiyeiva mara nyingi ni pungufu ya alichokuwa akipata juu ya kichwa. Hili lisemwe wazi, kwa sababu wengi hujaribu bembea kwa kuvutiwa na takwimu za uwanjani, na takwimu hizo hazina ndoana wala chambo.

Nafasi. Mtupo huu ndio unaodai nafasi kuliko wote. Chubwi linazunguka pande zote, kwa hiyo unataka uwazi nyuma, kulia na kushoto, na mahali pagumu pa kukanyaga. Mchanga laini unaozamisha kisigino wakati wa kugeuka huharibu kila kitu. Upepo wa ubavuni nao unaliyumbisha chubwi linapobembea.

Chambo. Wakati wa kubembeza, vigwe virefu (nyuzi zinazobeba ndoana) hujizungusha kwenye mshipi mkuu, na chambo kikubwa huligeuza chubwi lisiende ulikolielekeza. Kibano ni lazima: kile kindoano kidogo karibu na chubwi kinachoshikilia ndoana kwa kukaza, kikaiachia chubwi linapogonga maji. Ndoana moja, chambo chembamba, kigwe kifupi.

Usalama. Hapa naomba usome taratibu. Mshipi ukikatika katikati ya mtupo huu, chubwi la gramu 150 linaondoka kwa kasi isiyozuilika na upande usioujua. Ili tu kufika mita 100 pasipo hewa, kitu kinahitaji kuachiwa kwa kilomita kama 110 kwa saa, na kwa hewa na chambo kinahitaji zaidi ya hapo. Linaweza kuua. Baadhi ya mashindano ya uvuvi wa ufuoni huukataza mtupo huu, hasa washiriki wanapopangwa karibu karibu. Mshipi wa mbele uongezewe kilo 5 juu ya kanuni ya kawaida, fundo likaguliwe kila unapobadili chambo, na sehemu yoyote iliyokwaruzwa na mwamba ikatwe bila kuionea huruma. Gizani, kwa mtu asiyeumudu vizuri mchana, usijaribu.

Mwili na muda. Kiuno na mgongo vinazungushwa kwa nguvu, na fimbo ngumu inadai kifua kipana. Kujifunza ni kazi ya miezi, tena uwanjani, kwa chubwi tupu na ikiwezekana chini ya macho ya aliyeutangulia. Ufuoni penyewe si mahali pa kujifunzia.

Unamfaa mwenye ufuo mtupu, anayependa kutupa kwenyewe kama ustadi wa kujitegemea, na anayewinda samaki anaojua kwa hakika kwamba wako nje ya mita 120.

## Vifaa vinavyosogeza hesabu

Kuna vitu vichache vinavyoongeza mita kwa mtupo wowote, na vingine vinauelemea mtupo fulani.

Mshipi kwanza, maana ndio unaoleta tofauti kubwa zaidi. Nailoni ya milimita 0.30 hadi 0.35 ni salama, inavumilia mikwaruzo ya mchanga na ina mvutiko unaosamehe makosa. Mshipi wa kusuka wenye uwezo uleule huwa mwembamba, takriban nusu ya kipenyo hicho, kwa hiyo hewa na mkondo havipati pa kushika na chubwi linakwenda mbali zaidi. Tena hauvutiki, unahisi samaki anapoonja. Ila ukikwaruzwa na mwamba hukatika upesi, upepo wa ubavuni huufanyia mafundo, na ukiuzuia kwa kidole kitupu wakati wa kutupa chubwi zito unaweza kukukata mpaka ndani. Vaa kinga ya kidole. Kwa mwamba na kwa anayeanza, nailoni. Kwa ufuo safi wa mchanga na mtupo wa mchangani, wa kusuka unalipa.

Rili yenye spuli (sehemu inayobeba mshipi) isiyozunguka wakati wa kutupa ni rahisi na inafaa mitupo yote mitatu. Rili ambayo spuli yake huzunguka wakati wa kutupa inapendwa na watu wa bembea, kwa kuwa kidole gumba hushika imara na mshipi hauchapi pete za fimbo. Lakini breki zake zikiwa hazijapangwa vizuri, spuli hulitangulia chubwi na unabaki na kiota cha mshipi mkononi. Aina yoyote uliyo nayo, angalia ujazo. Spuli isiyozunguka ijazwe mpaka ibaki milimita 1 au 2 kufika ukingoni. Ikiwa na pengo kubwa, kila mzunguko wa mshipi unakwaruza ukingo unapotoka, na mita zinapotea bila mtu kuona ni nini kilichoziiba. Hilo ni la kurekebisha leo, halihitaji fimbo mpya.

Fimbo ndefu si dawa. Ya mita 4.2 humsaidia anayetupa juu ya kichwa na kuinua mshipi juu ya mawimbi, ila kwa mtu mfupi au bembea inaweza kuwa nzito kuzungusha kwa kasi. Fimbo fupi unayoweza kuipinda itakutupia mbali kuliko ndefu inayokupinda wewe. Uzito wa chubwi nao ufuate ulioandikwa kwenye fimbo: chepesi mno haliikunji, zito mno huichosha.

Na upime. Hesabu mizunguko ya mkono wa rili unaporudisha mshipi. Kama rili yako inakusanya takriban sentimita 80 kwa mzunguko, mizunguko 100 ni kama mita 80. Si kipimo cha fundi, kwa sababu mshipi hulegea majini na spuli hukusanya kidogo zaidi inapojaa, lakini kinatosha kulinganisha mtupo mmoja na mwingine wewe mwenyewe, chambo kikiwepo.

## Kwa hali yako

Kama unaanza na hujawahi kuvuka mita 60, bakia juu ya kichwa. Rekebisha mkono wa chini, jaza spuli, funga mshipi wa mbele na ubane chambo. Ukishafika 80 kila unapotupa, si mara moja kwa bahati, ndipo ufikirie kingine.

Kama unavua ufuo bapa ambao fungu la kwanza liko mbali, na nyuma yako ni mchanga mtupu, anza na mtupo wa mchangani. Hali kadhalika ukitumia chambo kikubwa kisichovumilia mikupuo, au bega likikusumbua.

Ikiwa ufuo wako unajaa watu, au unaingia majini kutupa, au nyuma kuna ukuta, mawe au miti, chaguo limeshafanyika: juu ya kichwa. Hapo tafuta mita zako kwenye mshipi mwembamba zaidi na chambo kidogo.

Upepo ukivuma usoni, punguza pembe ya kuachia, panda hadi chubwi la gramu 150 au 175 kama fimbo inaruhusu, na utumie mtupo unaoumudu vizuri zaidi, hata kama si wenye mita nyingi. Bembea kwenye upepo mkali ni ya waliokomaa. Upepo ukitoka mgongoni, achia juu kidogo na uuache ukusaidie, mtupo wowote utaongeza.

Kwa uvuvi wa usiku, mchangani na juu ya kichwa vyote vinafaa. Taa ya kichwani imulike nyuma kabla ya kila mtupo, na kumbuka kwamba gizani samaki huenda wamesogea mfereji wa karibu, kwa hiyo mtupo wa kwanza uwe wa mita 30.

Mwenye wavuvi wenzake aliozoea kuvua nao na ufuo wa faragha, ambaye mtupo wa mchangani umemfikisha mita 120 na bado samaki wanaruka mbele yake, huyo ana sababu ya kuanza bembea. Atafute uwanja mkubwa usio na watu, achukue chubwi tupu la gramu 150 na mshipi wa mbele wa kilo 30, na asilete ndoana mpaka chubwi liwe linaangukia pale alipolielekeza.